Sindano za kupunguza uzito na bima ya SHA: hospitali ya umma Nairobi inaweza kukusaidia hadi wapi?

Swali: Daktari, mimi ni mshonaji katika Soko la Uhuru, nina umri wa miaka 43 na ninaishi Kayole. Uzito wangu ni kilo 104 na urefu wangu ni sentimita 162. Ninatumia dawa ya presha, na majuzi niliambiwa kwamba kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu ni asilimia 6.2. Dada yangu aliye Birmingham hupewa sindano ya Mounjaro na huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, naye amepungua sana. Mimi pia ninalipa SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwaka. Je, ninaweza kuandikiwa na kupewa dawa hiyo katika hospitali ya serikali hapa Nairobi? Na ikiwa haiwezekani, kuna mama anayechoma watu sindano hizo moja moja kwa elfu chache, na dada yangu yuko tayari kunitumia kalamu zake. Nifuate njia gani?

Jibu: Dada yangu, nitakujibu moja kwa moja kwanza, kisha nieleze sababu. Daktari wa hospitali ya umma ana uwezo kamili wa kukupima na, akiridhika kwamba dawa inakufaa, kukuandikia. Kinachokosekana ni wa kuilipia. Katika vifurushi vya huduma vya SHA hakuna kilichotengewa matibabu ya unene, kwa hiyo karatasi utakayoandikiwa katika hospitali ya serikali utaipeleka kwenye duka la dawa la binafsi na kulipa kwa pesa zako. Kuhusu yule mama na zile kalamu za Birmingham, jibu langu ni hapana kwa yote mawili, na nitalieleza hapa chini kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kwako kuliko unene wenyewe.

Tuanze na dada yako, kwa maana watu wengi hapa Nairobi wanaamini kwamba Uingereza kila mwenye kitambi huingia kliniki na kutoka na sindano. Sivyo. Huduma ya afya ya umma nchini England ilianza kutoa tirzepataidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Mounjaro, kupitia madaktari wa kawaida wa mitaani tarehe 23 Juni 2025, na kundi la kwanza kuruhusiwa lilikuwa la watu wenye BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 40 au zaidi ambao pia wana angalau magonjwa manne kati ya haya matano: kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo na mishipa, mafuta mabaya katika damu, na kukatika kwa pumzi usingizini. Kwa watu wenye asili ya Kiafrika na jamii nyingine kadhaa, kiwango hicho cha BMI hupunguzwa kwa 2.5, yaani huwa 37.5, kwa sababu madhara ya uzito huwaanza mapema zaidi. Sasa jipime wewe. Kilo 104 ukizigawanya kwa urefu wako wa mita 1.62 uliozidishwa kwa wenyewe, unapata BMI ya 39.6. Kwa uzito ungepita, lakini katika orodha ile ya magonjwa una moja tu lililothibitishwa, presha, kwa kuwa sukari ya asilimia 6.2 bado haijawa kisukari. Hata ungekuwa jirani ya dada yako Birmingham, katika awamu hiyo ya kwanza usingeandikiwa Mounjaro na daktari wa mtaani. Ungeelekezwa kwenye kliniki maalumu za uzito, ambako semaglutaidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, huweza kutolewa kwa mtu mwenye BMI ya 35 na ugonjwa mmoja unaohusiana na uzito, na huko foleni ni ndefu. Ninakueleza haya ili usijione kwamba umenyimwa kitu ambacho wenzako wote duniani wanagawiwa bure.

Hata hivyo sitetei hali ya hapa kwetu. SHA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF, iliwekewa mifuko mitatu: wa afya ya msingi, unaogharamia huduma katika zahanati na vituo vya afya, wa bima ya afya ya jamii, unaohudumia hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita, na wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Mifuko hii hulipia usafishaji wa figo, na ni haki kabisa ifanye hivyo, lakini wengi wanaolazwa kwenye mashine hizo walifikishwa pale na presha na sukari, na nyuma ya presha na sukari ya wengi wao kulikuwa na uzito ambao hakuna aliyeutibu ulipokuwa ungali unatibika. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutaidi na tirzepataidi, pamoja na dawa nyingine mbili za jamii hiyo, katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watu wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo na unene, na Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo kuhusu matumizi ya dawa hizi katika kutibu unene. Ninaamini nchi yetu itapaswa kulijadili jambo hili waziwazi, kwa sababu unene wa kiwango chako ni ugonjwa, wala si aibu au ulafi, na mgonjwa hastahili kuachiwa wauzaji wa vichochoroni.

Basi ufanye nini ukiwa na bima yako ya SHA? Anza chini, wala usikimbilie Kenyatta. Nenda katika kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu na nyumbani au karibu na soko, ukiwa umejisajili na SHA, kwa sababu huko huduma za msingi hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi. Hata kabla ya hapo, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu huenda ana mashine ya presha na ya sukari katika mkoba aliopewa na serikali, na anaweza kukuwekea rekodi ya vipimo kadhaa. Kwenye kituo, usiseme tu kwamba unataka kupungua. Sema hivi: “Nina presha, sukari yangu imeanza kupanda, BMI yangu ni 39.6, na ninaomba kutathminiwa kwa matibabu ya uzito.” Sentensi hiyo humtoa mhudumu katika mazungumzo ya urembo na kumwingiza katika mazungumzo ya ugonjwa, nami nimeona jinsi inavyobadilisha namna mgonjwa anavyosikilizwa.

Omba barua ya rufaa ya kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kwa mtu wa Kayole, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo ya karibu. Mbagathi nayo ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya kisukari na homoni kwa wale ambao hali yao ni ngumu zaidi. Kabla hujakata tikiti ya kliniki, pita kwenye dawati la SHA la hospitali uulize ni kipi kinalipiwa na ni kipi utakilipia mwenyewe, kwa kuwa kumwona daktari bingwa bila kulazwa, pamoja na baadhi ya vipimo vya maabara, mara nyingi hutoka mfukoni. Beba dawa zako zote katika pakiti zake. Beba pia kadi ya uzazi wa mpango, kwa sababu ikiwa unachomwa Depo, hiyo yenyewe huweza kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, na kubadilisha njia ni jambo ambalo kituo cha umma kinaweza kulifanya. Daktari atataka kujua kama unakoroma na kushtuka usingizini, kama hedhi yako imevurugika, kama kuna mtu katika ukoo aliyepata saratani ya tezi ya shingo, na kama umewahi kuugua kongosho. Atapima figo, ini, mafuta ya damu na pengine homoni ya tezi. Wewe ni fundi, unajua kwamba vipimo hutangulia mkasi. Hapa ni vivyo hivyo, na mtu anayekuuzia sindano bila hata kukuuliza urefu wako ameanza kwa kukata.

Kuna jambo ambalo huenda ukalisikia kliniki ukalipuuza, nami ninakusihi usilipuuze. Kwa sukari ya kiwango chako, mahali ambapo bado hujafika kwenye kisukari, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliomeza metformini, kidonge cha kisukari, waliupunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 kwako ni kilo saba na kidogo. Metformini ni dawa ya bei nafuu inayopatikana katika hospitali zetu za umma. Si dawa ya kupunguza uzito, ingawa watu wengine hupungua kidogo wakiitumia, na daktari anaweza kuona inakufaa. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ya umma naye hatumiwi inavyostahili. Mwombe akupangie chakula cha mtu anayeshinda ameketi kwenye cherehani, anayekunywa chai ya maziwa yenye sukari vikombe kadhaa kwa siku pamoja na mandazi, na anayekula chakula chake kikubwa usiku baada ya msongamano wa Jogoo Road, kwa sababu mpango usiozingatia siku yako halisi hautadumu wiki mbili. Sikuambii haya ili kukufukuza kwenye dawa. Kwa BMI yako, wengi hawafiki wanakohitaji kwa chakula na mwendo peke yake, na hilo si kosa lao: mwili hupigania uzito uliouzoea kwa kuongeza njaa na kupunguza nishati unayotumia.

Hapo ndipo dawa hizi zinapofanya kazi. Semaglutaidi huiga homoni ambayo utumbo huitoa baada ya kula, huuambia ubongo kwamba umeshiba na kuchelewesha chakula tumboni. Tirzepataidi huiga homoni mbili za namna hiyo. Kwa kawaida zimeidhinishwa kwa mtu mwenye BMI ya 30 na zaidi, au 27 na zaidi ikiwa ana ugonjwa unaohusiana na uzito, kwa hiyo kitabibu wewe umo ndani. Katika jaribio la semaglutaidi ya miligramu 2.4 lililochapishwa mwaka 2021, washiriki walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68, huku waliochomwa sindano isiyo na dawa wakipungua asilimia 2.4. Katika jaribio jingine, tirzepataidi ya kiwango cha juu ilifikia takriban asilimia 21 katika wiki 72. Wote hao walipewa pia ushauri wa chakula na mazoezi. Fahamu vilevile kwamba Ozempic na Wegovy zote ni semaglutaidi, lakini ya kwanza iliidhinishwa kwa kisukari na ya pili kwa uzito, na viwango vyake vya juu havilingani. Zaidi ya hizo ipo liraglutaidi, ambayo huchomwa kila siku, na orlistati, ambayo ni kidonge kinachozuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, hupunguza kilo chache tu, na humwadhibu kwa kuhara kila anayekula chipsi.

Sindano huanzwa kwa kiwango kidogo sana, miligramu 0.25 kwa wiki kwa semaglutaidi au 2.5 kwa tirzepataidi, na kupandishwa baada ya wiki nne nne, ili tumbo lizoee. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo ni vya kawaida wakati wa kupandisha. Mtu anayepungua haraka anaweza pia kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kwako wewe ninasisitiza mambo mawili. La kwanza ni presha: ukipungua, presha hushuka, na ikiwa miongoni mwa dawa zako kuna ya kukojoza au ya aina ya losartani au enalaprili, kutapika na kuhara kunaweza kukausha maji mwilini na kuumiza figo, kwa hiyo dawa hizo zinahitaji kupangwa upya na daktari, wala si kuachwa kwa hiari yako. La pili ni mimba. Dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito, semaglutaidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto, na tirzepataidi hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, hivyo mwenye kuvitumia huongeza kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha kiwango.

Sasa pesa, ambazo nadhani ndizo zilizokufanya uandike. Katika maduka ya dawa ya Nairobi, dozi ya mwezi mmoja hugharimu maelfu ya shilingi, mara nyingi zaidi ya elfu kumi, na kiasi hupanda kadiri kiwango kinavyopanda. Usipige hesabu ya miezi mitatu. Washiriki wa jaribio lile la semaglutaidi walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Hii ni dawa ya muda mrefu kama dawa yako ya presha ilivyo, na anayeianza kwa mkopo wa chama, akaiacha mkopo ukiisha, hubaki na deni na uzito wake. Ikiwa pesa za angalau miaka miwili hazionekani, maoni yangu ni kwamba uendelee kwanza na kliniki, metformini ikikufaa, na lishe, huku ukisubiri. Kusubiri huko si kwa bure: hataza ya semaglutaidi, yaani haki ya kampuni moja peke yake kuitengeneza, ilipangwa kumalizika mwaka 2026 katika nchi kadhaa zikiwemo India na China, na India ndiko zinakotoka nyingi za dawa tunazotumia Kenya. Liraglutaidi tayari imeanza kutengenezwa na viwanda vingine.

Kuhusu mama anayechoma sindano moja moja: kalamu moja mara nyingi huwa na dozi kadhaa za mgonjwa mmoja. Anayekuchoma dozi moja kwa elfu chache anaigawa kalamu hiyo kwa watu wengi, na kubadilisha sindano hakutoshi, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani ya kalamu na kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Hilo peke yake lingetosha kukuzuia. Lakini pia hujui kilichomo ndani. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani, na barani Ulaya zilipatikana kalamu za insulini zilizobandikwa jina la Ozempic. Mtu asiye na kisukari akichomwa insulini namna hiyo, sukari yake huweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Hata ikiwa dawa ni halisi, kabla ya kuanza kutumiwa hutakiwa kukaa katika friji kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda, nayo haikubaliani na mkoba unaoning’inia katika matatu mchana kutwa. Siku utakaponunua, nunua kalamu nzima yenye muhuri usiovunjwa, katika duka la dawa ambalo leseni yake kutoka Bodi ya Famasia na Sumu imetundikwa ukutani, ambalo mfamasia wake anadai karatasi ya daktari, na ambalo linaifungasha dawa yako ibaki baridi bila kuganda. Duka lisilokuuliza karatasi limekwisha kukueleza linavyofanya kazi.

Kalamu za dada yako nazo ziache kwake. Huko kwao sheria haimruhusu kumpa mtu mwingine dawa aliyoandikiwa yeye, na huduma inayompa hutaka kuona kwamba anaitumia na anaendelea vyema. Yeye pia huenda amefika kiwango cha miligramu 7.5 au 10, ilhali wewe ungepaswa kuanzia 2.5, na aliyeruka ngazi hizo anaweza kutapika hadi kulazwa. Akitaka kukusaidia kwa upendo, akutumie mchango wa pesa za vipimo vya maabara, au wa dawa utakayoandikiwa kwa jina lako.

Ukianza siku moja, rudi kliniki kila mwezi katika kipindi cha kupandisha kiwango, upimwe presha na uzito, na figo ziangaliwe kama daktari atakavyopanga. Kula protini kwanza katika kila mlo, iwe ndengu, maharagwe, mayai au omena, na fanya mazoezi ya kutumia nguvu za misuli, kwa maana sehemu ya uzito unaopotea ni misuli na si mafuta. Kunywa maji hata kama huhisi kiu. Na ukipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, macho yakawa ya manjano, ukashindwa kuweka chochote tumboni kwa siku nzima, au ukasikia kizunguzungu kila unaposimama, usichome dozi inayofuata na usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu ukiwa na kalamu yako mkononi, ili watakaokupokea waone ni dawa gani na kiwango gani.